Mnara wa Tribune uliobaki bila gazeti: kisa cha Chicago kwa wenye majengo ya uchapaji Mwanza

Juni 2018 waandishi wa Chicago Tribune walifunga maboksi, wakateremka kutoka kwenye mnara uliokuwa makao yao tangu 1925, wakavuka mto kwenda kwenye ofisi za kupanga. Mwaka 2021 wakazi wa kwanza waliingia mlemle na vitanda vyao. Mnara ule, pamoja na majengo yaliyoungana nao, sasa una nyumba 162, kila moja na mwenyewe.

Wanaosimulia kisa hiki huanza na uzuri: kilele cha mawe kinachofanana na kanisa kuu la Ufaransa, ukumbi wa mlangoni wenye maneno ya uhuru wa habari yaliyochongwa ukutani. Uzuri ulisaidia. Lakini ukimuuliza mhandisi jengo liliwezaje kugeuzwa makazi bila kuvunjwa mifupa, atakuonyesha jambo lisiloonekana kwenye picha: mitambo ya kuchapa haikuwamo ndani ya mnara. Ilikuwa nyuma yake, katika kiwanda kilichojengwa 1920, kabla mnara haujakuwapo. Mnara ulibeba meza, makabati na watu. Uzito, mafuta, wino na mtikisiko vilikaa kwa jirani.

Kwa mtu wa Mwanza mwenye jengo lililowahi kuwa la uchapaji, hilo ndilo swali la kuanzia: mashine ilikaa wapi? Rangi ya ukuta na mapambo ya baraza vitasubiri.

Jengo lilivyozaliwa

Shindano la kuchora mnara lilitangazwa tarehe 10 Juni 1922, siku gazeti lilipotimiza miaka 75. Zawadi zote zilifika dola 100,000, na mshindi alichukua 50,000. Michoro zaidi ya 260 ilipokelewa kutoka nchi 23. Walioshinda ni John Mead Howells na Raymond Hood wa New York. Wa pili alikuwa Eliel Saarinen wa Finland, na ni haki kusema kwamba wachoraji wa maghorofa waliokuja baadaye walijifunza zaidi kwake kuliko kwa washindi. Walter Gropius, msanifu wa Ujerumani, alituma mchoro akashindwa. Adolf Loos, msanifu wa Austria, alileta ghorofa lenye umbo la nguzo moja kubwa ya Kigiriki, naye akashindwa.

Kilichosimamishwa ni fremu ya chuma yenye ghorofa 36 na urefu wa mita 141, ikavishwa mawe ya chokaa kutoka Indiana. Mihimili inayozunguka kilele imeigwa kutoka mnara wa kanisa kuu la Rouen, lakini ni pambo tu. Mzigo unashuka kwa chuma kilichofichwa ndani. Chini, kwenye ukuta wa barabarani, vilipachikwa vipande karibu 150 vya majengo mashuhuri ya dunia: Piramidi Kuu, Parthenon, Taj Mahal, Ukuta Mkuu wa China, na baadaye ukuta wa Berlin. Vingi vililetwa na waandishi wa gazeti wenyewe walipokuwa kazini ng'ambo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa ziwani atalielewa haraka. Karatasi ya Tribune ilitengenezwa kwenye kiwanda cha kampuni yenyewe huko Thorold, Kanada, ikapakiwa melini, ikavuka Maziwa Makuu ya kule, ikateremshwa kando ya Mto Chicago, hatua chache kutoka kwenye mitambo. Jengo liliwekwa pale kwa sababu ya njia ya karatasi. Mwanza nayo, tangu reli kutoka Tabora ilipofika 1928, mzigo mzito wa viwandani ulishuka stesheni baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na ndiyo maana majengo ya zamani ya kazi nzito yamebanana kati ya stesheni, bandari na mitaa ya maduka. Ukitaka kujua sehemu gani ya jengo la uchapaji ni imara kuliko zote, tafuta mlango ambao karatasi iliingilia, kisha ufuate njia yake hadi ilipoishia.

Gazeti lilivyotenganishwa na jengo lake

Kutengana kulikuja kwa awamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mitambo ilihamishiwa kwenye kiwanda kipya kilichoitwa Freedom Center, mbali kidogo na katikati ya jiji, na kiwanda cha 1920 kikawa ofisi. Mwaka 1989 jiji la Chicago liliuweka mnara kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Mwaka 2014 kampuni iligawanywa mara mbili: upande mmoja ukachukua magazeti, upande wa pili ukachukua televisheni na majengo. Kuanzia siku hiyo gazeti likawa mpangaji ndani ya nyumba iliyoandikwa jina lake. Miaka miwili baadaye mwenye jengo aliuza mali yote kwa kampuni za CIM Group na Golub, kwa bei iliyofikia dola milioni 240.

Mgawanyo wa 2014 tunauona kuwa ndio tukio zito kuliko yote katika kisa hiki, kuliko hata kuhama kwenyewe. Ardhi ikishakaa kwenye daftari moja na gazeti kwenye daftari jingine, hakuna anayeulizwa tena kama habari zinahitaji jengo. Mwaka 2021 waandishi walihamishwa tena, safari hii hadi Freedom Center, kwenye mitambo. Hapo napo hawakukaa: eneo lilitwaliwa kwa ajili ya kasino, na mwaka 2024 uchapaji wa jiji lile ukahamia kiwanda cha kitongojini.

Katika kugeuza mnara, wasanifu walikuwa na bahati mbili. Ya kwanza ni wembamba wake. Ofisi za miaka ya 1920 zilitegemea madirisha, kwani taa za umeme zilikuwa hafifu na viyoozi havikuwapo, kwa hiyo hakuna meza iliyokaa mbali na ukuta wa nje. Nyumba ya kuishi inadai kitu hichohicho: kila chumba cha kulala kiwe na dirisha. Ofisi pana za miaka ya 1970 huwashinda wasanifu papo hapo, kwa kuwa katikati hubaki giza lisilokalika. Ya pili ni kwamba ofisi imeundwa kubeba uzito mkubwa kuliko nyumba, basi sakafu hazikuhitaji kuongezewa nguvu kila ghorofa.

Kilicholeta ugomvi kilikuwa jina. Maandishi makubwa ya Chicago Tribune upande wa kusini wa majengo yalikuwa alama ya jiji. Mkataba wa mauzo uliipa kampuni ya gazeti haki ya kuyanunua kwa dola 1. Wanunuzi hawakutaka kuyaachia, suala likafika mahakamani, na mwisho wake yakabaki na wenye jengo, lakini yakaondolewa pale yalipoonekana na kila mpita njia. Vile vipande vya majengo mashuhuri vilibaki kwenye kuta za nje. Sehemu ya maduka ya chini ilipangishwa, na mmoja wa wapangaji ni jumba la maonyesho ya aiskrimu.

Si kila jengo la gazeti limepata bahati hiyo. Miami Herald lilikuwa na jengo la 1963 ukingoni mwa ghuba, ofisi na mitambo chini ya paa moja. Mwaka 2011 lilinunuliwa na kampuni ya mahoteli ya kamari kwa dola milioni 236, juhudi za kulilinda zikashindwa, na kufikia 2015 lilikuwa limebomolewa. Philadelphia Inquirer nalo lilikuwa na mnara wa ghorofa 18 wa miaka ya 1920. Gazeti liliondoka 2012, mnara ukakaa mtupu takriban muongo mzima, ndipo 2022 ukawa makao makuu ya polisi wa jiji. Muongo wa jengo kuwa tupu ni mrefu. Paa linalovuja hufanya uharibifu mkubwa ndani ya misimu 2 au 3 ya mvua.

Kisheria, Mwanza iko wapi

Anayemiliki au kusimamia jengo la zamani mjini Mwanza aanze na historia ya hati. Mwaka 1971 Sheria ya Kutwaa Majengo ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo ukuta mmoja unaweza kuwa na mambo matatu yaliyolala ndani yake: familia iliyojenga, shirika lenye hati, na mpangaji wa miaka 40 aliyepanua nyuma kwa fedha zake. Kazi yoyote ya kitaalamu ikianza kabla hao watatu hawajaketi meza moja, itasimamishwa katikati, na jengo lililofunguliwa paa halisubiri mahakama.

Usitegemee umri kulilinda jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mwanza yenyewe kama mji wa boma ilianza 1892. Jengo la uchapaji la karne ya 20 litalindwa tu likitangazwa rasmi na waziri, na hilo linataka mtu wa kuandika barua, kupiga picha, kuchora ramani na kufuatilia.

Kwa walio karibu na maji kuna sheria nyingine ambayo tunawasihi waisome kabla ya kushika nyundo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Jengo la zamani lililomo ndani ya mita hizo limesimama pale kabla ya sheria. Ukilibomoa ili ujenge jipya, unaomba kibali kipya mahali ambapo sheria haitaki ujenge. Wapo wanaoona kubomoa ni njia rahisi kwa sababu gharama ya mashine ni ndogo, halafu wanabaki na kiwanja cha kuegesha magari. Pima umbali kwa utepe, kutoka alama ya juu ya maji, na uandike.

Baada ya hapo ni kibali cha kubadili matumizi kutoka halmashauri ya jiji, kibali cha ujenzi, ukaguzi wa Zimamoto, na ushauri wa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, kuhusu taka zitakazotoka. Wanaotaka kuuza chumba kimoja kimoja kama Chicago wana Sheria ya mwaka 2008 ya hati za sehemu ya jengo. Mchoro wa kila sehemu lazima uonyeshe ngazi, paa na korido ni za nani, kwa sababu ndizo hugombaniwa.

Hesabu ya sakafu

Chukua jengo la mfano: mita 12 kwa 30, chini na ghorofa moja juu, nguzo na bimu za zege, kuta za mawe au matofali, paa la kenchi za mbao. Chini palikuwa na mashine na ghala la karatasi, juu wapanga herufi na wahariri.

Roli moja ya karatasi ya gazeti yenye kipenyo cha mita 1 na upana wa sentimita 80 ina uzito wa zaidi ya kilo 400. Zikisimamishwa mbili moja juu ya nyingine, mita moja ya mraba inabeba karibu kilo 850. Sasa linganisha. Nyumba ya kuishi huhesabiwa kilo 150 kwa mita ya mraba, ofisi 250, ukumbi wa watu wengi 500. Rafu za vitabu zenye kimo cha mita 2, zikijaa, zinafika karibu 500.

Maana yake ni hii: jamvi la chini lililobeba karatasi litabeba karibu chochote, maktaba, ukumbi, soko, chumba cha baridi cha samaki. Ghorofa ya juu iliyojengwa kwa ajili ya meza haifai kuwa ukumbi wa harusi wala ghala la vitabu mpaka mhandisi aseme. Wengi hufanya kinyume. Maduka huwekwa chini kwa ajili ya kodi, na ukumbi hupandishwa juu kwa ajili ya upepo na mandhari ya ziwa. Watu 200 wakicheza muziki juu ya sakafu ya ofisi ni hatari isiyo na ishara ya mapema.

Makosa mengine mawili ya uzito huonekana kila mtaa. La kwanza ni tangi la lita 5,000 juu ya slabu. Likijaa ni tani 5 juu ya duara la upana wa mita 1.8, yaani tani 2 kwa mita ya mraba, mara 8 ya mzigo wa ofisi. Lisimamishe nje kwenye mnara wake, au juu ya makutano ya bimu na nguzo kwa hesabu iliyosainiwa. La pili ni kugawa vyumba kwa tofali za inchi 6. Ukuta huo wenye kimo cha mita 3, pamoja na plasta pande zote, una takriban tani 1 kwa kila mita ya urefu wake. Ukikaa katikati ya slabu pasipo na bimu chini yake, slabu italegea, milango ya chini itaanza kukwama, kisha utaona nyufa kwenye dari. Tumia fremu nyepesi za chuma na bodi, na vyoo vya juu vikae wima juu ya vyoo vya chini ili bomba zisipasue bimu.

Kabla ya kuamini zege la zamani, toboa sampuli 3 hadi 6 za kipenyo cha sentimita 10 mahali palipochaguliwa na mhandisi, zivunjwe maabara. Kwenye jeraha jipya la zege nyunyiza dawa ya phenolphthalein: panapogeuka waridi zege bado linalinda nondo, pasipogeuka limeshachoka. Uchovu huo ukifika kwenye nondo, kutu imeanza au iko njiani. Nondo za zamani mara nyingi ni laini zisizo na mikunjo, kwa hiyo usizihesabie nguvu ya nondo za leo.

Kilichoachwa na wino na risasi

Wino wa gazeti ni masizi ndani ya mafuta. Mashine ikifanya kazi miaka 30, mafuta hunywewa na sakafu sentimita kadhaa. Fundi akija akamwaga niru mpya juu yake au akabandika vigae, vitang'oka ndani ya mwaka, na lawama zitaangukia saruji. Jaribu kwanza kwa tone la maji: likisimama kama shanga bila kunywewa, mafuta yamo. Dawa ni kuchonga tabaka la juu, milimita 20 hadi 30, mpaka zege safi lionekane, kisha kuosha kwa sabuni kali ya magadi na maji ya moto, kukausha, na kurudia jaribio la tone. Usioshe kwa petroli wala mafuta ya taa. Vinasukuma uchafu ndani zaidi na kuacha mvuke unaoweza kulipuka. Maji ya kuoshea yasielekezwe kwenye mtaro. Mitaro ya katikati ya Mwanza inaishia Mto Mirongo, na Mirongo inaishia ziwani, ambako jiji linachota maji yake ya kunywa.

Hatari iliyofichika zaidi ni risasi, madini yenyewe. Kabla ya uchapaji wa ofseti, usiotumia herufi za madini, herufi zilimiminwa kwa mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati kwenye joto la karibu nyuzi 285. Vumbi lake hukaa kwenye nyufa za mbao za sakafu, juu ya kenchi, nyuma ya makabati, na halina harufu. Ndani ya chumba cha wapanga herufi usifagie pakavu. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa, na tumia mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio la vumbi laini kabisa. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Mafundi wasile humo, wabadili nguo kabla ya kurudi nyumbani kwa watoto wao, na mbao zenye nyufa nyingi zing'olewe. Jengo linalokusudiwa kuwa shule ya chekechea au zahanati lipimwe vumbi maabara kabla na baada ya kusafishwa, bila mjadala.

Herufi na vipande vilivyobaki vitatafutwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu watavitaka, na wavuvi watavitaka zaidi, kwa sababu risasi huyeyushwa kutengenezea chubwi za nyavu na ndoana. Kuyeyusha risasi jikoni, kwenye sufuria itakayorudi kupikia ugali, ni kumtia mtoto sumu. Weka herufi zote kwenye sanduku lenye kufuli tangu siku ya kwanza. Trei chache zihifadhiwe nyuma ya kioo kama kumbukumbu, zilizobaki zikabidhiwe kwa mwenye leseni ya taka hatarishi.

Paa la mabati ya asbestosi, yenye nyuzi zinazodhuru mapafu na yaliyopendwa sana katikati ya karne iliyopita, lisivunjwe kwa nyundo wala kuoshwa kwa maji ya presha. Lowesha, fungua boliti moja moja, teremsha bati likiwa zima, funga kwa nailoni tabaka mbili. Ikiwa halina nyufa na halitoboki, kuliacha na kulipaka rangi kwa mkono kunaweza kuwa salama kuliko kulitoa kwa pupa.

Mashimo ya mashine, mwamba na maji

Mashine kubwa ilikaa juu ya kitalu chake cha zege, kimetenganishwa na sakafu ili mtikisiko usitembee kwenye kuta, na chini yake mara nyingi palikuwa na shimo la kuingilia fundi. Kitalu hicho usikivunje kwa mashine ya kutikisa. Kuta za mawe zilizoungwa kwa chokaa zitapasuka kabla yake. Kiache, kata vichwa vya boliti, kifanye jukwaa, kaunta au benchi.

Shimo ni habari nyingine, hasa karibu na ziwa. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2020 yalivuka rekodi iliyowekwa 1964. Shimo lililokuwa kavu wakati mashine inafungwa laweza kuwa kisima leo. Toboa tundu dogo sakafuni mwake, weka bomba, upime kina cha maji kila wiki kuanzia Machi hadi Juni, maana ziwa hufika juu baada ya masika. Maji yakionekana, usizibe kwa lami na vigae ukidhani umemaliza: yatasukumwa kwenye miguu ya kuta na plasta itabambuka hadi kimo cha kiuno. Jaza mawe makubwa yasiyo na udongo, funika kwa slabu, acha tundu la kupumulia na la kuingizia pampu.

Upande wa mlimani tatizo hugeuka. Mwanza imejengwa juu ya mwamba wa graniti, na majengo mengi yana pembe moja juu ya jiwe na nyingine juu ya kifusi. Pembe ya kifusi hushuka, ya jiwe haishuki, na ufa hupanda mshazari kutoka kona ya dirisha. Kabla ya kuuziba, pachika jasi nyembamba ya sentimita 5 kwa 10 juu yake sehemu tatu, andika tarehe kwa penseli, usubiri vuli na masika zipite. Jasi isipopasuka, ufa ni wa zamani na unazibika. Ikipasuka, shughulikia msingi na maji ya paa kwanza. Mara nyingi mkosaji ni bomba la paa linalomwaga maji palepale pembeni.

Kuta zilizoungwa kwa chokaa zipigwe lipu ya chokaa, kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga. Saruji tupu huziba pumzi ya ukuta na unyevu hutafuta njia kwa ndani.

Mwanga, upepo na wadudu

Jengo la mfano lina kina cha mita 12 na madirisha pande mbili. Mwanga wa mchana hufika ndani mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha juu cha dirisha. Madirisha yenye kichwa kwenye mita 3 yatamulika mita 6 kutoka kila upande, yaani jengo lote, mradi usishushe dari ya jipsamu ikakata kioo cha juu. Kosa hili tunalitaja kwa uchungu, kwa kuwa linafanywa ili kupendezesha. Dari ikishuka, giza linaingia, taa zinawashwa mchana, joto linapanda, kiyoozi kinanunuliwa. Mchana upepo unatoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku unageuka. Fungua madirisha yanayotazamana na acha ukumbi wa kati wazi, upepo utafanya kazi hiyo bure.

Taa za nje ziwe za manjano, zimefunikwa juu, zielekezwe chini. Taa nyeupe kali ukutani upande wa ziwa huita mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani, na asubuhi marundo yao yako kizingitini, kwenye feni na ndani ya vifuniko vya taa. Weka wavu mwembamba madirishani, unaotoka kwa urahisi ili uoshwe.

Umeme wa zamani ung'olewe wote, lakini njia ya fezi tatu iliyolisha mashine iombewe ibaki. Ni mali kwa lifti, pampu, mashine ya barafu au karakana ndogo ya uchapaji itakayopewa kona ya chini.

Jina

Chicago haki juu ya jina iliandikwa mkatabani kwa dola 1, na bado ikazaa kesi, kwa sababu karatasi ilisema nani anaweza kununua maandishi bila kumfunga mtu yeyote ayaache yasomeke kutoka barabarani. Anayeuza au kupangisha jengo la uchapaji Mwanza aandike mambo manne kwa kipimo: maneno yenyewe yalivyo, kimo cha herufi kwa sentimita, ukuta yalipo, na nani atayapaka rangi kila baada ya miaka mingapi. Aongeze kwamba tangazo la mpangaji halitawekwa juu yake wala mbele yake. Picha ya ukuta, yenye rula ndani yake na tarehe, iambatanishwe na isainiwe pande zote mbili kabla jukwaa la kwanza la mafundi halijasimamishwa, kwa sababu herufi za lipu hupotea siku ya kwanza ya kuchonga ukuta, saa ambayo mwenye jengo bado yuko njiani.